Kikohozi cha Mama Mikunjo

Kikohozi kilimwanza mwezi wa tatu, juma ambalo mashine kubwa ya kufulia ilikatika mshipi na wanawake wa jengo la kufulia la hospitali wakalazimika kukanyaga mashuka kwa miguu ndani ya birika la saruji. Ndiyo maana hakuna aliyeshangaa. Maji yalikuwa baridi, sakafu imelowa, na mwanamke wa miaka hamsini na mitatu aliyesimama birikani tangu saa moja asubuhi ana haki zote za kukohoa. Mashine ikatengenezwa, birika likakaushwa, wenzake waliopata mafua wakapona mmoja baada ya mwingine. Yeye akaendelea.

Hakikuwa kikohozi cha makohozi. Kilikuwa mtekenyo tu, kama uzi wa pamba uliokwama kooni mahali ambapo kidole hakifiki. Kilimshika akicheka, kilimshika akiinama, kilimshika akijilaza. Na zaidi ya yote kilimshika pale alipojikaza kukizuia. Naye alikuwa na kila sababu ya kukizuia, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kukunja vitambaa vya chumba cha upasuaji.

Jina la Mama Mikunjo hakupewa kwa dhihaka. Kitambaa cha upasuaji hakikunjwi kama shuka la kitandani. Hukunjwa kwa pindo nyembamba zinazolaliana, hii mbele, ile nyuma, ili daktari aliyekwisha kunawa akishika ncha mbili tu kifunguke chenyewe juu ya mgonjwa, bila kugusa meza wala kifua cha mtu. Pindo moja ikikosewa, kitambaa kinaanguka upande na kazi inaanza upya huku mgonjwa akiwa amekwisha kulazwa usingizi. Kwa miaka ishirini na mmoja hakuna kitambaa cha Mama Mikunjo kilichoanguka upande. Madaktari waliomjua kwa sura hawakuzidi watatu, lakini wote waliijua mikunjo yake, na siku alipokosekana kazini waliuliza.

Mumewe alikuwa amekufa zamani. Bintiye wa pekee, aliyefundisha watoto wa chekechea, alikuwa amelelewa na meza ile ya kukunjia tangu akiwa na miaka sita. Mkataba wa mama huyo ulisainiwa upya kila mwisho wa mwaka, na kila mwaka alikwenda kuusaini akiwa amevaa viatu vyake vizuri, ingawa ofisi yenyewe ilikuwa mlango wa pili kutoka kwenye vikaushio.

Mwezi wa tano msimamizi, mtu mpole asiyependa maneno mengi, alikuja akasimama mbele ya meza.

"Mama Mikunjo, kikohozi hicho."

"Kinaisha, bwana msimamizi."

"Uliniambia hivyo mwezi uliopita."

"Basi mwezi uliopita kilikuwa kinaisha. Sasa kinaisha zaidi."

Wanawake wa kwenye pasi walicheka. Msimamizi hakucheka. "Chumba cha upasuaji wameandika barua. Wanauliza nani anayekohoa juu ya vitambaa vyao."

"Si vinapikwa kwenye mvuke nikishavikunja? Kikohozi gani kinatoka mzima mle ndani?"

"Mimi najua, na wewe unajua. Barua haijui." Alitazama viatu vyake. "Niletee cheti cha daktari kwamba kifua kimepona. Ukifika mwisho wa mwaka bila cheti, au ukiwa bado unakohoa, mkataba sitaweza kuupeleka mbele. Sikufukuzi, dada yangu. Nakuambia mapema."

Msimamizi alipoondoka, mfanyakazi mwenzake Mama Mikunjo wa kwenye kikaushio, mwanamke mrefu mwembamba waliyemwita Kijiko, alisogea na kikombe chake cha chai. Siku hizo kikombe cha Mama Mikunjo kilikuwa kimeanza kukaa peke yake dirishani. Hakuna aliyetangaza kitu, kilijikuta tu kimetengwa. Kijiko alikichukua kikombe kile kilichotengwa, akanywa nusu, akakirudisha.

"Shoga, ukiendelea kukohoa hivyo utatoa utumbo, na mimi nakujua, utaukunja."

"Nitaukunja vizuri kuliko hayo mataulo yako."

Mama Mikunjo alicheka, na kicheko kikamletea kikohozi kilichomkunja mwenyewe juu ya meza.

Hapa hakuna budi kueleza desturi moja ya jengo lile, maana ndiyo iliyomponza. Katika kufua nguo za hospitali, sheria ya kwanza na ya mwisho ni kutochanganya. Kila shuka lina herufi ya wodi yake kwenye pembe, kwa wino usiofutika. Za wazazi hazikutani na za majeraha. Za watoto hazikutani na za mtu yeyote. Mfanyakazi mpya anayechanganya mara moja anaonywa, akichanganya mara ya pili anaondoka. Mama Mikunjo alikuwa ameifuata sheria hiyo muda mrefu hata ikawa tabia ya mwili wake. Nyumbani kwake kitambaa cha kufutia meza hakikuanikwa kamba moja na kitambaa cha sakafu. Na madaftari yake ya kliniki, ambayo kila mgonjwa alitakiwa kujinunulia na kuyatunza, yalikuwa mawili: la presha lenye jalada la buluu ndani ya mfuko mmoja, na la magonjwa mengine lenye jalada la gazeti ndani ya mfuko mwingine. Yalikaa kwenye misumari miwili tofauti nyuma ya mlango.

Hospitali yenyewe ilimfunza hivyo. Miaka kadhaa nyuma aliwahi kung'olewa jino, na mganga wa meno akaandika maneno mawili kwenye daftari la buluu. Mwezi uliofuata muuguzi wa presha alilifungua, akakunja uso kama aliyenusa kitu kilichooza. "Hili ni daftari la presha. Umeniletea habari za meno humu kwa nini?" Mama Mikunjo aliona aibu ya mtu aliyekamatwa akichanganya nguo za wodi mbili. Hakurudia tena.

Basi alipokwenda chumba namba nne, mahali pa vifua, alibeba daftari la gazeti peke yake. Tabibu wa chumba hicho alikuwa kijana mwenye haraka na asiye na ubaya. Alimsikiliza mgongo, akamwandikia dawa ya maji. Chupa ikaisha, kikohozi kikabaki. Akamwandikia chupa nyingine, ya rangi nyingine. Kisha kapsuli za rangi mbili kwa siku tano. Kisha zile zile kwa siku saba. Kisha kali zaidi kwa siku kumi, zilizomharisha hata akafanya kazi amejifunga kanga mbili. Alipimwa makohozi mara tatu, ingawa kuyapata ilikuwa kazi, kwa vile hayakuwapo. Majibu yalionyesha hana kifua kikuu. Alipigwa picha ya mapafu, mapafu yakaonekana safi. Tabibu alisema huenda ni vumbi la pamba, akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo. Halafu akasema huenda ni asidi ya tumbo inayopanda, akampa vidonge vya tumbo. Akarudi tena kwenye chupa. Moja kati ya hizo ilimlevya usingizi kiasi kwamba Kijiko alimshika bega asiegemee pasi ya moto.

"Unatumia dawa nyingine yoyote kwa sasa?" tabibu aliuliza kila safari, kalamu tayari juu ya karatasi.

"Zile kapsuli nimemaliza."

"Nyingine?"

"Hakuna."

Hakudanganya. Kidonge cha presha alikuwa amekimeza kila asubuhi kwa miaka sita, na kwake hakikuwa dawa tena kama vile mswaki si dawa. Dawa ni kitu unachopewa ukiumwa, nayo presha haikuwahi kumuuma hata siku moja. Tabibu angeweza kuuliza, "Una presha? Una sukari? Kuna kidonge unachomeza kila siku?" Maneno tisa yasiyozidi pumzi moja. Hakuyauliza, na karatasi iliyokuwa mbele yake haikumtaka ayaulize.

Na kidonge hicho kilikuwa kimebadilika. Kwa miaka mitano alipewa kidonge cheupe kikubwa chenye mstari katikati. Mwezi wa kwanza wa mwaka ule, wiki chache kabla ya kile kikohozi, dirisha la dawa lilimpa kidogo cha rangi ya waridi. Alipouliza, aliambiwa ni kizuri zaidi, anywe vilevile. Hakuambiwa neno jingine. Muuguzi wa presha naye alimpima kila mwezi, na kila mwezi alimgombeza kwa jambo moja.

"Usikohoe mama, unaharibu kipimo."

"Sasa nikohoe lini, mwanangu?"

"Kikohozi ni chumba namba nne. Hapa ni presha."

Mwezi wa nane vidonge vya waridi viliisha hospitalini. Dirishani wagonjwa waliambiwa warudi wiki ijayo, kisha wiki nyingine, kisha nyingine. Kwa bahati, au kwa balaa, hizo ndizo wiki alizokuwa akinywa chupa ya saba, dawa nyeusi yenye harufu ya lami. Siku ya kumi alilala chali bila kukohoa. Siku ya kumi na nne alimaliza fungu zima la vitambaa huku akizungumza na Kijiko tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakuna aliyekumbuka kidonge kisichokuwepo. Wote waliiona chupa iliyokuwepo. Kijiko aliomba aachiwe hiyo chupa tupu aiweke nyumbani iyatishe mafua yasiingie. Tabibu alisaini cheti, akaonekana kufurahi kweli, na msimamizi alikitia kwenye faili bila maneno huku akitikisa kichwa kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kikombe kikarudi kwenye sinia na vingine.

Wiki iliyofuata vidonge vya waridi vilifika. Aliuanza tena utaratibu wake wa asubuhi, na siku ya tisa ule uzi wa pamba ukarudi kooni.

Mama Mikunjo hakulia. Alikaa jikoni kwake, mkono shavuni, akafikiri kama afikirivyo mtu wa kazi yake. Kwenye jengo la kufulia, maji ya suuza yakibadilika rangi hakuna anayegombana na maji. Unatoa kitu kimoja, unabadilisha maji, unatazama. Unatoa cha pili, unatazama tena. Mwishowe unaishika ile nguo moja inayochuja. Alitoa chupa nyeusi kwanza, kikohozi kikabaki. Akatoa dawa ya kuvuta; kikabaki. Akatoa vidonge vya tumbo, kikabaki. Akakitazama kidonge cha waridi kiganjani, akakirudisha mkebeni. Siku kumi na mbili baadaye kikohozi kilikuwa kimeondoka. Ili asikisingizie, alikirudia kwa siku sita. Siku ya sita alikohoa hadi bintiye akatoka chumbani mwake.

"Nimeipata," alimwambia, machozi ya kikohozi yakimtiririka. "Hii ndiyo inayochuja."

"Kidonge cha presha, mama? Kinahusiana nini na koo?"

"Sijui kinahusiana nini. Najua ndicho."

Aliyapachua madaftari yote mawili kwenye misumari yake, akayatia mfuko mmoja kwa mara ya kwanza, akaenda.

Ni jambo la kuudhi kulisimulia, na ni haki lisimuliwe. Mwanamke ambaye shule yake iliishia darasa la sita alikuwa amefanya peke yake, jikoni, kwa subira ya majuma manne, kazi ambayo vyumba viwili vya wasomi vilishindwa kuifanya kwa miezi sita. Alikuwa sahihi. Kidonge cha aina hiyo huwakohoza baadhi ya watu, si wachache, na jambo hili limeandikwa kwenye karatasi nyembamba iliyokunjwa ndani ya boksi, ile ambayo dirisha la dawa huitupa kabla ya kugawa vidonge kwenye vibahasha.

Muuguzi wa presha alimsikiliza huku akimfunga mkono kwa kipimo. Hakuwa mtu mkatili. Nje walikuwa wamekaa watu sabini, na yeye alikuwa peke yake.

"Mama, umesomea wapi?"

"Kwenye birika."

"Basi mimi nimesoma. Kidonge cha presha ni cha presha, hakijui njia ya kwenda kifuani. Ukikiacha utaanguka. Unataka kuanguka?"

"Sitaki kuanguka, mwanangu. Nataka kutokohoa. Wataninyang'anya kazi."

"Kikohozi ni chumba namba nne, nimekwambia mara ngapi?"

Alikwenda chumba namba nne. Tabibu aliligeuza daftari la buluu upande huu na upande huu, kama barua iliyoletwa nyumba isiyo yake. "Mambo ya presha mimi siyaingilii, mama. Wana utaratibu wao." Akamwandikia chupa ya nane.

Kulikuwa na vidonge vingine vya presha. Hili ndilo linalopaswa kusemwa bila kuremba. Kile cheupe kikubwa cha zamani kilikuwa bado kabatini, boksi juu ya boksi, na pembeni yake aina nyingine mbili zisizogusa koo la mtu. Kumbadilishia kungehitaji mstari mmoja wa kalamu. Mama Mikunjo hakujua. Yeye aliambiwa kuna kidonge na kuna kuanguka, akaamini kwamba mlango wa tatu haupo, kwa kuwa wenye funguo wote wawili hawakuutaja.

"Mama, kunywa tu," bintiye alimsihi jioni ile. "Muuguzi kasema utaanguka."

"Kasema nisipokunywa nitaanguka. Nikinywa nakohoa, nikikohoa sina kazi. Ungekuwa wewe?"

"Ningeacha kazi. Mimi nafanya kazi. Tutakula."

"Kula tutakula. Nitakaa hapa ndani nikimeza kidonge na kutazama ukuta. Nikiulizwa mimi ni nani, niseme mimi ni mtu wa presha."

"Mama."

"Mwanangu, kichwa hakiniumi, macho yanaona, miguu inatembea. Presha yenyewe siioni. Kikohozi wanakiona wote."

Baadaye maneno hayo ndiyo yaliyomkaa bintiye moyoni kama mwiba.

Walifikia mapatano ambayo ni watu waliofungwa kati ya milango miwili tu wanaoweza kuyabuni: angemeza kidonge siku moja kwa juma, jioni ya kuamkia siku ya mapumziko, ili kama kikohozi kikija, kije akiwa nyumbani. Aliuheshimu mpango huo kama alivyoheshimu mipango yote. Vidonge vilivyobaki vilijaa kwenye mkebe. Alipokwenda kliniki mwezi wa kumi kipimo kilipanda juu sana, na muuguzi akamuuliza kama anameza vizuri.

"Nameza," alijibu, akiwa hana tena imani na jibu refu.

Muuguzi akaandika aongezewe, viwili badala ya kimoja. Mkebe ukajaa haraka zaidi.

Hata hivyo, miezi ile ilikuwa mizuri. Lazima hilo nalo lisemwe. Alifanya kazi kimya kifuani, akaongea kwa sauti, akamfundisha msichana mpya kukunja kitambaa cha upasuaji, akimpiga vidole polepole kila alipokosea pindo. Msimamizi alimwambia mkataba uko tayari, atauleta juma la mwisho. Kijiko alimtania kwamba tangu apone amekuwa na maneno mengi kuliko redio, na redio angalau ina kitufe.

Ilikuwa saa nne asubuhi, mwezi wa kumi na moja. Alikuwa katikati ya kitambaa. Kijiko aliiona ncha ya kitambaa iliyokuwa mkono wa kulia ikiponyoka, ikaning'inia, na Mama Mikunjo akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine. Akajaribu kuiokota. Mkono haukuenda.

"Leo umekunja vibaya, shoga," Kijiko alisema, akicheka. "Niite mashahidi?"

Mama Mikunjo alifungua mdomo kumjibu. Kilichotoka hakikuwa neno. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umeteremka.

Kijiko aliruka meza. Walimlaza kwenye toroli la mashuka kwa sababu ndilo lililokuwa karibu, wakalisukuma kwa mbio kuvuka ua, watu wakiwapisha wakidhani ni nguo. Kutoka jengo la kufulia hadi wodini palikuwa na hatua themanini.

Daktari wa wodi, mwanamke kijana aliyekuwa na miezi minne tu pale, alimtaka bintiye alete kila kitu ambacho mama alikuwa akitumia. Binti alileta madaftari mawili, mkebe, na chupa ya nane ambayo haikufunguliwa. Daktari aliyalaza madaftari ubavu kwa ubavu juu ya kitanda. Alisoma tarehe za buluu, akasoma tarehe za gazeti, akarudi nyuma, akasoma tena. Ilimchukua dakika tano.

"Kikohozi kilianza baada ya kubadilishiwa kidonge," alisema.

"Aliwaambia," binti alijibu. "Aliwaambia wote wawili."

"Nani alimwambia aache?"

"Hakuna. Na hakuna aliyemwambia kwamba kuna kingine. Kipo kingine, daktari?"

Daktari aliyafunga madaftari yote mawili. "Kipo," alisema. "Vipo vitatu."

Binti aliuliza viko wapi, si kwa hasira, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia. Naye daktari akaonyesha kwa kidole mwisho wa ukumbi, kwenye dirisha la dawa ambalo mama yake alikuwa amesimama mbele yake kila mwezi. Mgonjwa alikuwa macho. Alisikia yote, kwa kuwa masikio yake hayakudhurika, wala akili yake. Kilichoondoka kilikuwa mkono wa kulia, mguu wa kulia, na njia ya maneno kutoka kichwani kwenda mdomoni. Alikifuata kile kidole cha daktari kwa macho, akalitazama dirisha muda mrefu.

Siku ya tano msimamizi alikuja na wanawake wa kwenye pasi. Alisimama miguuni pa kitanda, akasema meza haikuweza kukaa wazi, vyumba vya upasuaji havisubiri, yule msichana mpya amewekwa kwa muda. Kila mtu alielewa huo muda ni upi. Kijiko alibaki nyuma wenzake walipotoka. Alikaa, akaushika ule mkono uliolala, akatafuta mzaha, akakosa, akaondoka.

Daktari yule kijana hakulinyamazia jambo lile, na ni haki kumtajia wema wake. Aliandika barua tatu kwa wakubwa. Mwisho wa mwezi wa kwanza kukatolewa muhuri mpya wa mpira, ukagawiwa vyumba vyote. Ukigongwa kwenye daftari ulitoa mistari miwili: dawa zote anazotumia mgonjwa, na kama kuna dawa inayomsumbua. Kila mgonjwa aulizwe, kila safari.

Mwezi wa pili binti aliomba ruhusa shuleni, akamleta mama yake kliniki ya presha kwenye kiti cha magurudumu. Kidonge kipya alikuwa akimsagia kwenye kijiko cha maji kila asubuhi na kumnywesha upande wa mdomo unaofunga. Watu walikuwa sabini, kama kawaida. Muuguzi alikuwa yule yule. Alipomwona aliyekuwa kwenye kiti alisita kidogo, kisha akamfunga kipimo kwenye mkono wa kushoto, akaandika tarakimu, akagonga muhuri.

"Mama," alisoma, bila kuinua macho, "kuna dawa yoyote inayokusumbua?"

Mama Mikunjo aliinua kichwa. Kifua kilipanda. Midomo ilikutana, ikaachana, ikakutana tena, na sauti ikaanza chini kabisa, silabi moja iliyokwama, ikarudi mwanzo, ikakwama pale pale. Mkono wa kushoto ulipanda kutoka mapajani ukawa unapiga hewa taratibu, kama unaosaidia neno kupanda ngazi. Mshipa wa shingo ulitutumka.

Muuguzi alisubiri. Nje mtu aligonga mlango.

"Anakohoa?" alimuuliza binti.

"Hakohoi."

"Basi." Akaandika *hapana* kwenye mstari.

"Hajamaliza kujibu," binti alisema.

"Dada, umeona foleni yenyewe." Muuguzi alilifunga daftari, akamwekea mama mapajani, akainua sauti kuelekea mlangoni. "Anayefuata."

Binti alikigeuza kiti. Walipita kwenye ukumbi, wakapita mbele ya dirisha la dawa, wakateremka mteremko wa saruji hadi uani, na mama yake alikuwa bado anahangaika na silabi ile ile.